Utalii wa Kimataifa Katika Nchi za Kijamaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Intourist na Wafanyakazi Wake

Majibu yafuatayo yanahusu jinsi serikali za kijamaa za karne ya 20 zilivyoendesha utalii wa kimataifa. Mfano mkuu ni Umoja wa Kisovieti na shirika lake la Intourist, ambalo ndilo lililokuwa kubwa na lililotoa kielelezo kwa wengine. Uzito umewekwa kwa wafanyakazi, yaani wakalimani, waongozaji, wahudumu wa hoteli na wauzaji wa maduka, kwa sababu simulizi nyingi za utalii hueleza alichokiona mgeni, huku mwenyeji aliyemwonyesha akibaki bila sura.

Intourist lilikuwa shirika gani?

Lilianzishwa Moscow tarehe 12 Aprili 1929, likiwa kampuni ya hisa ambayo wanahisa wake walikuwa vyombo vya serikali yenyewe, zikiwamo mamlaka za biashara, reli na meli. Jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kirusi yenye maana ya mtalii wa kigeni. Mwaka 1933 liliunganishwa na shirika la serikali lililosimamia hoteli za wageni, na tangu hapo mtalii akawa mikononi mwa mwenyeji mmoja kuanzia siku aliponunua safari yake London au New York hadi alipovuka mpaka kurudi kwao. Tiketi ya treni, chumba, chakula, gari, viti vya ukumbi wa maigizo na mkalimani, vyote vilitoka kwa Intourist.

Baadaye muundo ulibadilika mara kadhaa. Mwaka 1964 iliundwa idara maalumu ya utalii wa kigeni chini ya Baraza la Mawaziri, na mwaka 1983 idara hiyo ikapandishwa hadhi kuwa Kamati ya Serikali. Intourist halikuwa peke yake: shirika la VOKS, lililoundwa mwaka 1925, lilipokea waandishi, wanasayansi na wasanii, na mwaka 1958 Komsomol, yaani umoja wa vijana wa kikomunisti, ilianzisha Sputnik kwa ajili ya safari za vijana.

Kwa nini serikali iliyokuwa ikihofia ubepari iliwaalika watu kutoka nchi za kibepari?

Sababu ya kwanza ilikuwa fedha za kigeni. Intourist lilizaliwa katika Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, wakati nchi ilipokuwa ikinunua mitambo Marekani na Ujerumani na kulazimika kuilipia kwa fedha ambayo haikuweza kuichapa yenyewe. Kila mtalii aliyelipa kwa dola au pauni alikuwa mfano wa gunia la ngano lililouzwa nje, na tofauti ni kwamba gunia hilo lilikuja lenyewe hadi mlangoni.

Sababu ya pili ilikuwa sura ya nchi. Mgeni aliyeliona bwawa la umeme la mto Dnieper, lililokamilika mwaka 1932, au chekechea ya kiwanda ambako watoto wa wafanyakazi walilala mchana kwenye vitanda vyenye shuka safi, alitarajiwa kurudi kwao akiwa shahidi. Ndiyo maana ratiba za miaka ya 1930 zilijaa viwanda, mashamba ya pamoja na kliniki, huku makanisa na makasri yakipewa muda mfupi.

Sababu hizi mbili hazikupatana kila wakati. Anayetafuta fedha humpa mgeni anachokitaka, na anayejenga sura humpa anachopaswa kukiona. Mvutano huo haukuwahi kumalizwa katika mikutano ya wakubwa, na kwa maoni yangu ulimwangukia mtu mmoja, yaani mwongozaji aliyesimama mbele ya kundi lake kila asubuhi.

Waongozaji na wakalimani walikuwa watu gani?

Wengi walikuwa wanawake vijana, wahitimu wa vyuo vya lugha, na cheo chao rasmi kiliunganisha kazi mbili: mwongozaji na mkalimani. Moscow walitoka hasa katika Chuo cha Lugha za Kigeni, ambacho tangu mwaka 1964 kilibeba jina la mkomunisti wa Kifaransa Maurice Thorez. Majira ya kiangazi, wageni walipozidi, wanafunzi na walimu wa lugha waliongezwa kwa mkataba wa msimu.

Lugha pekee haikutosha. Mwongozaji alitakiwa kujua historia ya mji, idadi ya vyumba katika makumbusho, kiwango cha uzalishaji wa chuma na maamuzi ya mkutano mkuu wa mwisho wa chama. Alipewa vijitabu vya maelekezo vilivyokuwa na majibu ya maswali magumu ambayo wageni walirudia: mshahara wa kawaida ni kiasi gani, kwa nini familia mbili zinaishi katika nyumba moja, kwa nini kuna chama kimoja tu, je, mtu anaweza kuhama nchi akitaka, watu bado wanasali? Kwa maneno mengine, wao pia walikuwa na orodha yao ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu yake yalikuwa yameandikwa na watu wasiokabiliana na muulizaji uso kwa uso.

Mwenye ujuzi alijifunza kutosoma jibu kama lilivyo. Mgeni aliyeuliza kuhusu upungufu wa bidhaa alikuwa ameiona foleni kupitia dirisha la basi, na kumwambia kwamba foleni haipo kulimfanya mkalimani adharauliwe kwa siku zote zilizobaki. Wengi walikubali lililo wazi, kisha wakaeleza habari ya Vita vya Pili vya Dunia, ya miji iliyobomolewa na ya watu milioni 20 na zaidi waliopotea, na mara nyingi walilisema hilo kwa dhati, kwa kuwa hapakuwa na familia ambayo haikuzika mtu. Hapa ndipo tunapokosea tunapowaona kuwa kasuku wa serikali. Mtu anaweza kusema sehemu ya maneno aliyoandikiwa na bado akawa anayaamini.

Siku ya kazi ilikuwa ndefu. Mwongozaji alikutana na kundi kabla ya kifungua kinywa, akaliongoza mjini, akatafsiri kiwandani, akasuluhisha ugomvi wa vyumba, akampeleka mgonjwa hospitali, akalisindikiza kundi kwenye maigizo, na usiku, wageni walipolala, akaandika taarifa.

Je, ni kweli kwamba wote walikuwa majasusi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na linastahili jibu lenye pande zake zote. Ni kweli kwamba kila kundi liliandikiwa taarifa: wageni ni akina nani, waliuliza nini, walimtembelea nani, nani alikuwa rafiki na nani aliingia na vitabu vilivyokatazwa. Ni kweli pia kwamba KGB, yaani idara ya usalama na upelelezi ya nchi, ilikuwa na watu wake ndani ya Intourist, na kwamba mfanyakazi aliyeitwa kuhojiwa kuhusu mgeni hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Hata hivyo taarifa nyingi zilikuwa za kikazi kama zile ambazo kampuni yoyote ya utalii ingezihitaji: basi lilichelewa, supu ilikuja baridi, mkurugenzi wa makumbusho alikataa kufungua chumba. Kuandika taarifa kulikuwa sharti la ajira na hakukumaanisha kwamba mwandishi alikuwa afisa wa upelelezi.

Hatari kwa upande wa mfanyakazi ilikuwa kubwa kuliko ile ya mgeni. Wakati wa kamatakamata ya mwaka 1937 na 1938, kuzoeana na watu wa nje kulitosha kumtia mtu mashakani, na wafanyakazi wa Intourist walikuwa miongoni mwa waliokumbwa. Serikali iliwaajiri kwa sababu waliweza kuzungumza na wageni, kisha ikawashuku kwa sababu walizungumza nao. Katika miongo iliyofuata adhabu zilipungua ukali, lakini urafiki uliovuka saa za kazi, barua kutoka nje au zawadi isiyotajwa kwenye taarifa viliweza kumkosesha mtu kazi.

Hali ilikuwaje hotelini?

Mwanzoni Intourist lilitegemea hoteli za zama za mfalme, kama Metropol na National za Moscow na Astoria ya Leningrad, mji ambao leo ni St Petersburg. Baada ya vita zilijengwa hoteli kubwa mpya. Rossiya, iliyofunguliwa mwaka 1967 karibu na Kremlin, ilikuwa na vyumba vipatavyo 3,000, na mwaka 1970 ilifunguliwa hoteli iliyobeba jina la shirika lenyewe, yenye ghorofa 22, katika mtaa wa Gorky.

Mtu aliyekumbukwa zaidi na wageni ni yule mama aliyeketi kwenye meza ya kila ghorofa, ambaye Warusi walimwita dezhurnaya, maana yake mwenye zamu. Yeye ndiye aliyetunza funguo. Mgeni alipotoka alimwachia ufunguo, aliporudi aliuchukua kwake, na kwa hiyo mama huyo alijua nani yuko ndani, nani hayuko na nani amekuja na nani. Wageni wengi walimwona kuwa jicho la serikali, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli, lakini mama huyohuyo ndiye aliyechemsha chai usiku wa manane, akashona kifungo kilichokatika na kumtafutia mgeni mwenye homa kidonge.

Tallinn, mji mkuu wa Estonia, hoteli ya Viru ilijengwa na kampuni ya Kifini na kufunguliwa mwaka 1972, hasa kwa ajili ya Wafini waliovuka bahari kwa meli kutoka Helsinki. Lifti ilionyesha ghorofa 22, nayo ya 23, ambayo haikutajwa, ilikuwa na mitambo ya mawasiliano ya KGB. Leo ghorofa hiyo ni makumbusho.

Mtalii aliruhusiwa kwenda wapi?

Alikwenda alikolipia. Safari iliuzwa kabla ya kuondoka nyumbani, vocha ilionyesha kila mji na kila usiku, na viza ilitolewa kufuatana na ratiba hiyo. Wengi walipelekwa Moscow, Leningrad na Kiev, na waliotaka kwenda mbali zaidi walifika Samarkand, Bukhara na Tashkent. Miji yenye viwanda vya kijeshi au bandari za kivita ilifungwa kabisa. Gorky, ambayo leo ni Nizhny Novgorod, ilikuwa hivyo, na Vladivostok pia, kiasi kwamba msafiri wa kigeni aliyevuka Siberia yote kwa treni hakufika mwisho wa reli, bali alielekezwa bandari ya Nakhodka na kupanda meli kwenda Yokohama. Wenye magari walifuata barabara zilizoruhusiwa, na askari wa usalama barabarani waliandika saa walizopita.

Maduka ya fedha za kigeni yalifanyaje kazi?

Msomaji aliyeishi Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hatahitaji maelezo marefu kuhusu bidhaa adimu na ulanguzi. Katika Umoja wa Kisovieti, maduka ya kwanza ya aina hii yaliitwa Torgsin, na yalikuwepo kati ya mwaka 1931 na 1936. Yalikusudiwa wageni, lakini upesi yakafunguliwa kwa wananchi wenye dhahabu, na katika njaa ya mwaka 1932 na 1933 watu walipeleka huko pete za ndoa na misalaba ili wapate unga. Ni ukurasa wa uchungu mkubwa katika historia hii, na hauwezi kuachwa nje kwa kuwa tu hauhusu watalii moja kwa moja.

Kuanzia miaka ya 1960 yalikuja maduka ya Beriozka, yaliyouza manyoya, kaharabu, vodka na bidhaa za nje kwa fedha za kigeni tu. Mwananchi wa kawaida hakuruhusiwa hata kumiliki fedha hizo. Kwa kiwango rasmi kilichowekwa mwaka 1961 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa kopeki 90 tu, yaani chini ya rubli moja yenye kopeki 100, ilhali mitaani ilivuta rubli kadhaa, na pengo hilo likazaa vijana waliozizunguka hoteli wakinunua dola, suruali za jinzi na sahani za muziki. Mwaka huohuo wa 1961 walanguzi watatu, Yan Rokotov, Vladislav Faibishenko na Dmitri Yakovlev, waliuawa kwa hukumu ya mahakama baada ya kesi yao kurudiwa na adhabu kuongezwa kwa sheria iliyotungwa wakiwa tayari wamekamatwa. Wahudumu wa hoteli waliijua kesi hiyo. Kila bahashishi ya dola iliyoachwa mezani ilikuwa mtihani.

Wageni walirudi lini baada ya vita?

Utalii ulikaribia kusimama kabisa kuanzia mwaka 1939, na haukufufuka hadi mwaka 1955, miaka miwili baada ya kifo cha Stalin. Tamasha la Vijana na Wanafunzi la mwaka 1957 lilileta Moscow wageni wapatao 34,000 kwa wakati mmoja, na kwa wakazi wengi wa mji huo ndiyo mara ya kwanza walipozungumza na mtu kutoka Afrika, Asia au Amerika ya Kusini. Kufikia mwaka 1970 wageni kwa mwaka walizidi milioni 2, wengi wao kutoka nchi nyingine za kijamaa za Ulaya.

Waafrika walifika zaidi kama wanafunzi na wajumbe kuliko kama watalii. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilifunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kiswahili nacho kilikuwa na walimu wake huko: Dmitri Olderogge alikuwa akikifundisha Leningrad tangu miaka ya 1930, muda mrefu kabla ya mjumbe yeyote wa Tanganyika huru kuhitaji mkalimani.

Olimpiki ya Moscow ilibadilisha nini?

Kwa Intourist ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Hoteli ya Cosmos ilijengwa kwa ushirikiano na Wafaransa na kufunguliwa mwaka 1979, na wakalimani wengi waliandaliwa kwa ajili ya msimu mmoja. Kisha, Desemba 1979, majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan, Marekani ikaitisha mgomo wa kutoshiriki michezo hiyo, na watalii wengi waliotarajiwa hawakuja. Kenya iligoma. Tanzania ilikwenda, na Julai na Agosti 1980 Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walirudi na medali mbili za fedha, Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui katika mita 5,000.

Je, wananchi wa Kisovieti nao waliweza kutalii nje?

Tangu mwaka 1955 waliweza, kwa masharti. Mwombaji alihitaji barua ya sifa kutoka kazini, iliyotiwa saini na wakuu wa kazi, wa chama na wa umoja wa wafanyakazi, kisha akahojiwa na kamati ya chama. Aliyekuwa hajawahi kwenda Bulgaria au Poland hakutarajia kupelekwa Ufaransa. Walisafiri kwa vikundi, chini ya kiongozi aliyeandika taarifa aliporudi, na walibadilishiwa fedha kidogo tu. Mwongozaji wa Intourist aliyewaeleza wageni habari za Paris kwa Kifaransa fasaha huenda alikuwa hajaiona Paris, na wengine hawakuiona kamwe.

Nchi nyingine za kijamaa zilifuata mfano huohuo?

Kwa sehemu. Czechoslovakia ilikuwa na Čedok, Poland ilikuwa na Orbis na Hungaria ilikuwa na IBUSZ, yote mashirika yaliyokuwepo kabla ya ujamaa na kuchukuliwa na serikali. Bulgaria iliunda Balkantourist mwaka 1948, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikajenga miji ya pwani kwenye Bahari Nyeusi ambako Wajerumani wa Magharibi na wa Mashariki walilala kwenye mchanga uleule. Yugoslavia ililegeza masharti kuliko wote: katika miaka ya 1960 iliondoa viza kwa mataifa mengi ya Magharibi, na hoteli zake ziliendeshwa na kampuni zilizosimamiwa na wafanyakazi wenyewe.

Na Tanzania ya Ujamaa?

Tanzania haikuwa nchi ya mfumo wa Kisovieti, na haitakuwa haki kuilinganisha nayo kwa kila kitu. Lakini swali lilelile liliikabili. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1969, liliundwa Shirika la Utalii la Tanzania, TTC, ambalo lilimiliki na kuendesha hoteli za mbuga za Lobo, Seronera, Ngorongoro, Manyara na Mikumi. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha magazetini mjadala mkali: je, nchi iliyotangaza kujitegemea inaweza kuwafundisha vijana wake kuinama mbele ya mgeni tajiri, na je, fedha za kujengea hoteli zisingejenga viwanda? Waliotetea utalii walijibu kwa hoja ileile iliyotumika Moscow mwaka 1929, kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni na haina njia nyingi za kuzipata.

Naona mjadala wa Dar es Salaam ulikuwa wa wazi kuliko wowote uliofanyika Moscow, kwa sababu ulimtaja mhudumu mwenyewe na heshima yake. Kisha Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, na misafara ya watalii iliyozoea kuanzia Nairobi ikakatika. Hoteli za serikali zilikaa na vyumba vitupu, vipuri vya magari vikakosekana, na wafanyakazi wakaendelea kutandika vitanda vya wageni wachache mno. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, na mwaka 1993 nafasi ya TTC katika kuitangaza nchi ikachukuliwa na Bodi ya Utalii Tanzania.

Wafanyakazi wa Intourist waliishia wapi?

Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Intourist liligeuzwa kuwa kampuni ya kibiashara na ukiritimba wake ukaisha. Wakalimani wengi waligundua kwamba lugha yao ilikuwa mtaji, wakajiunga na kampuni binafsi au wakafungua za kwao. Akina mama wa ghorofa hawakuwa na mtaji huo, na funguo zao zilihamia mapokezi. Hoteli ya Intourist ya mtaa wa Gorky ilibomolewa mwaka 2002. Taarifa walizoandika waongozaji usiku baada ya kazi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Serikali mjini Moscow, na watafiti wanaozisoma leo hukuta humo maswali ya wageni, malalamiko kuhusu mabasi na supu, na majina ya wanawake waliotia saini chini ya kila ukurasa.